Meza Iliyotoka Kanisani

Mtu aliyewahi kukata shuka la sita kwa sita akiwa amepiga magoti sakafuni hahitaji kuelezwa kwa nini Bupe aliipenda ile meza kuliko kitu chochote ndani ya nyumba, mumewe akiwemo siku za hasira. Ilikuwa ndefu, nyembamba, imesimama juu ya miguu minene, na uso wake ulimfika kiunoni. Ukikata hupindi mgongo. Ukichora hupindi mgongo. Kabla ya meza, Bupe alikuwa akiinuka jioni kwa awamu, kwanza mikono, kisha goti moja, kisha la pili, huku ameshika ukuta na kuulalamikia kana kwamba ndio uliomtuma kazi. Tangu meza iingie, jioni ilikuwa ikimkuta amesimama wima, anaimba.

Aliuziwa na Anselmi, muuza fanicha za mtumba mwenye banda lake njia panda ya kuingilia Nzuguni. Dodoma ya siku hizi watu wanahamia na kuhama kila kukicha. Wizara inakuja, mtumishi anapewa uhamisho, na makabati yanabaki yakitafuta mwenyewe mpya. Anselmi aliishi kwa uhamisho wa watu. Siku aliyoileta meza kwenye guta lake la magurudumu matatu, aliipiga kofi mara mbili akaapa kuwa ni mninga mtupu, na Bupe, aliyekuwa amekwisha kuipenda kabla guta halijasimama, hakutaka kubishana.

Sebule yenyewe haikuwa sebule tena. Kabati la vyombo lenye milango ya kioo lilipanga nyuzi, nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. Kitanda cha mtoto kilisimamishwa wima kikashika majora ya vitambaa. Dresingtebo iliyokosa kioo ilibeba cherehani, na mbele yake likawekwa dawati la shule lililofutwa majina ya wanafunzi kwa msasa. Ubavu wa kitanda cha chuma ulipigiliwa ukutani, zikaning'inizwa fremu za kudarizia. Kila kitu mle ndani kilikuwa na kazi nyingine zamani, na Bupe alikipa kazi mpya bila kukiuliza ya kwanza ilikwendaje.

Makochi yalihamia barazani, yakafunikwa nailoni. Tumsifu, mumewe, dereva katika ofisi moja kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, alikubali kwa shingo upande. Wageni wake aliwakaribisha nje kwenye upepo na vumbi, akiwaambia hewa ya wazi ni nzuri kwa afya. Wageni walikuwa wakicheka, naye akicheka nao, lakini Bupe alimjua mumewe. Alijua kicheko kile kina mwisho wake.

Kazi ilikuwa imeshika kasi. Mashuka ya maharusi ndiyo yaliyompa Bupe jina, mashuka meupe na foronya zake, yamedariziwa maua na majina ya bwana na bibi harusi pembeni. Asubuhi moja alikuwa amelaza kitambaa mezani, karatasi ya kaboni juu yake, akichora kwa kalamu iliyokauka wino, akikandamiza ili mstari utoke vizuri, aliposikia hodi.

"Hodi humu kwa mafundi!"

"Karibu mama! Shikamoo."

"Marahaba, Mama Ruthu. Nimekuja kuchungulia mali ya mwanangu."

Alikuwa Mama Josephine, muuguzi mstaafu na kiongozi wa akina mama katika kanisa la mtaa ule. Bupe alisali kwingine, lakini Nzuguni nzima ilimjua mama huyu, na neno lake lilitosha kumjaza fundi wateja au kummaliza. Sendofu ya binti yake, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, ilikuwa imekaribia. Aliinua pindo la shuka akasoma yale maandishi ya bluu, "Josephine na Frank", waridi huku na waridi kule.

"Jamani! Maua haya yanataka kunukia kabisa. Umenipendezea, mwanangu. Ngoja mashangazi zake wa Gulwe wayaone, watajua na sisi tumo."

Bupe alijisikia raha mpaka masikioni. Mama Josephine alikunja shuka taratibu ili aone upana wake, mkono ukagusa mbao iliyokuwa chini. Hapo palikuwa na mchirizi uliopauka, umekatiza meza kutoka ukingo hadi ukingo, na mwingine kama huo upande wa pili. Mkono wa mama ukasimama pale.

"Mama Ruthu, hii meza umeitoa wapi?"

"Kwa Anselmi, mama. Yule wa vitu vya mtumba."

"Haikuwa na vipande viwili vya mbao vimepigiliwa juu? Hapa, na hapa?"

"Ilikuwa navyo! Umejuaje? Nilimwambia avitoe, vilikuwa vinanikwamisha. Sasa hii michirizi ndiyo kipimo changu cha foronya, sihitaji hata futi." Bupe alicheka.

Mama Josephine hakucheka. "Viliwekwa ili mikono ipate pa kupita," akasema. "Ukishusha jeneza, vidole visibanwe."

Mdomo wa Bupe uliendelea kutabasamu kwa muda, kwa sababu ulikuwa bado haujaambiwa.

"Hii ni meza ya kanisani kwetu. Ya kuwekea marehemu. Walipoweka vigae wakanunua kile kigari cha magurudumu, hii wakaitoa." Sauti ya mama ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea karibu na mgonjwa. "Baba Josephine tulimweka hapa. Kichwa kilikuwa huku."

Kisha kama mtu aliyeungua, akalivuta shuka lote kutoka mezani. Akabaki amelishika, hajui aliweke wapi. Akamsukumia Bupe kifuani, akajifuta viganja kwa khanga yake, akavifuta tena.

"Shuka la ndoa! La mwanangu wa pekee! Umelikata juu ya meza ya maiti!"

"Mama, sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

"Na wenzake wote uliowashonea, hawajui?"

Bupe alimfuata mpaka getini akiwa amekumbatia lile shuka, akiomba, akisahau hata kuvaa viatu. Atanunua kitambaa kingine kwa gharama yake. Ataanza upya. Majirani wawili waliokuwa wakisubiri maji ya bomba waliacha kuangalia ndoo zao. Mama Josephine alisimama, akafikiri, maana sendofu haikuwa mbali na fundi mwingine wa kuaminika asingempata.

"Utakata sakafuni," akasema, kwa sauti ya kusikika. "Na hiyo meza isilale ndani ya nyumba ambamo shuka la mwanangu limo. Nitakuja kuangalia."

Anselmi alikuwa amejilaza juu ya kochi la kuuza, kwenye kivuli cha bati, alipomwona Bupe anakuja. Mtu mwenye dhamiri safi angebaki amelala. Anselmi aliinuka.

"Ulijua?" Bupe alimuuliza.

"Nilijua nini, mama?"

"Meza ilikuwa ya nini!"

"Wewe uliniuliza ni ya mbao gani, nikakujibu. Ukaniuliza itahimili mzigo, nikakwambia itahimili. Kuna mahali nimekudanganya?"

"Anselmi, mimi nashonea watu mashuka ya harusi."

"Na mimi nauza meza." Kisha alimwona Bupe macho yamejaa, akashusha pumzi, akamvutia stuli. "Mama Ruthu, kaa. Sikiliza. Vitanda hivi ninavyouza, unadhani wote waliovilalia wako hai? Watu wakimaliza matanga wanakuja kwangu kabla hawajakunja turubai. 'Anselmi, njoo uchukue kitanda cha baba.' Naenda, nachukua. Wiki ijayo wamekilalia vijana waliooana juzi, na wanazaa vizuri tu. Hata hilo kabati lako la nyuzi, unajua lilitoka...?"

"Usiniambie!" Bupe aliziba masikio.

Anselmi alikuwa na huruma, ila huruma yake haikufika mfukoni. Alisema yuko tayari kuinunua tena meza kwa nusu ya bei.

"Kwa nini nusu?"

"Kwa sababu sasa kila mtu anajua."

Na kweli kila mtu alijua. Habari ya aina hii haihitaji miguu, siku hizi inatembea kwenye simu. Kufikia kesho yake mteja mmoja alimtuma bodaboda achukue kitambaa chake ambacho kilikuwa hakijaguswa, na kijana wa bodaboda alikataa kuvuka kizingiti, akataka arushiwe. Mwingine alikuja mwenyewe, akasimama nje ya geti akiwa ameshika pua kidogo, kana kwamba mbao zinaoza. Wa tatu alikuwa ameolewa mwezi uliopita. Huyo alituma ujumbe mrefu kueleza kwamba ameota ndoto mbaya, na kwamba mumewe ana mafua yasiyoisha, na je, Bupe ana lolote la kusema?

Bupe angesema nini? Yeye mwenyewe usiku ule alipoizunguka meza kwenda kuzima taa, alijikuta anapita kwa mbali, na alijichukia kwa hilo. Chombo kilichomponya mgongo hakikuwa kimebadilika hata kidogo, aliyebadilika ni yeye.

Asubuhi yeye na Tumsifu waliitoa nje. Iliwekwa pembeni ya ukuta, ikafunikwa nailoni ya makochi, na upepo wa Dodoma, ambao hauheshimu nailoni ya mtu, ukaichana siku ile ile.

"Tuichome," Tumsifu alisema jioni aliporudi kutoka kazini. "Tupate hata mkaa."

"Baba Ruthu, tafadhali."

"Nasema kweli. Jana kazini wameniuliza kama na gari langu limetoka kanisani. Nikacheka. Leo wameniuliza tena." Alikaa kwenye kochi la barazani, akapangusa vumbi kwa kiganja. Hakuwa mtu mkali, na kwa sababu hiyo maneno yake yaliyofuata yaliuma zaidi. "Mimi nimevumilia, Mama Ruthu. Nimekaa nje kama mlinzi wa nyumba yangu kwa sababu niliona unafurahi na kazi inakwenda. Lakini kama wateja hawaji, sisi tunakaa nje kwa ajili ya nani? Sendofu ya huyu binti ikipita na hali ni hii hii, makochi yanarudi ndani. Hivyo vitu vingine Anselmi aje avichukue."

Bupe alitazama mlangoni, akaona kabati lake, nyuzi zake, fremu zake ukutani. Chumba kile kilikuwa mahali pekee duniani alipokuwa mtu wa kutafutwa, siyo wa kutumwa. Alitaka kumwambia mumewe hivyo. Alisema tu, "Sawa."

Jirani aliyeendelea kuingia ndani alikuwa mmoja, Mwantum, mwanamke wa Kirangi kutoka Kondoa aliyeuza karanga na ufuta na kuongea kuliko alivyouza. Alikuja siku ya pili na sahani ya karanga, akakuta Bupe amepiga magoti sakafuni juu ya mkeka, kitambaa kipya kimetandazwa mbele yake.

"Hee! Tumerudi kwenye swala?" Mwantum alicheka, akakaa kwenye dawati. "Nyie Wakristo mnanishangaza. Kwetu jeneza ni moja, la msikiti. Babu alibebwa humo, baba akabebwa humo humo, na mimi zamu yangu ikifika nitabebwa humo. Likitoka makaburini linarudishwa, linasubiri mwingine. Nani analiogopa? Nyie mnamnunulia kila mtu lake mnalifukia, ndiyo maana hamjalizoea."

Bupe alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akicheka huku ameshika kiuno. "Basi Mwantum, wewe usiyeogopa, zile foronya ulizoniahidi niletee nishone. Nitazishonea juu ya meza."

Mwantum alitafuna karanga moja kwa muda mrefu mno.

"Nitaleta," akasema. "Ila anza na wateja wengine kwanza."

Jumamosi iliyofuata Tumsifu alikuwa nyumbani, amejinyoosha kwenye kochi lake la barazani. Ndani, Bupe alikuwa akiinuka kwa zile awamu zake za zamani, mkono, goti, goti, na la pili likagoma. Akabaki hivyo, nusu ya kuinuka, machozi yanamtoka kwa maumivu na kwa aibu ya kulizwa na goti. Hapo ndipo aliposikia sauti za wanaume nje.

"Mbukwenyi! Wenye nyumba hamjambo?"

Alikuwa Mzee Eliakimu, mzee wa kanisa la kina Mama Josephine, akisalimu kwa Kigogo, amevaa kofia, na koti licha ya jua, na nyuma yake wanaume watatu na mkokoteni. Bupe alijikokota mpaka mlangoni akamwamkia. Mzee aliitikia, akaketi kwenye kochi, akakataa chai, kisha akaikubali. Alikuwa na jambo na hakujua alianzie wapi.

"Binti yangu, tumekuja kwa ajili ya ile meza."

"Meza ile?"

"Kile kigari chetu kipya kimetutia aibu. Juzi, katikati ya ibada, mahubiri yamekolea, kikateleza kwenye vigae. Kikaondoka chenyewe na marehemu wake, taratibu, mpaka kwa wanakwaya." Mzee alijitahidi kutocheka, koo likamsaliti. "Sauti ya pili yote ilikimbia. Familia ya marehemu hawajatusamehe mpaka leo. Na kesho tuna mazishi mengine. Meza ile haikuwahi kumwendea mtu mahali. Turudishie, mama. Fedha uliyompa Anselmi tutakurudishia, tena utakuwa umetufanyia jambo kubwa."

Tumsifu alikuwa amekwisha kusimama. Uso wake uling'aa kama wa mtu aliyetolewa jiwe kwenye kiatu. "Si hiyo hapo? Ipo tu, mzee. Ichukueni."

Bupe alisimama ameshika fremu ya mlango. Kila kitu kilikuwa kimenyooka, hakuna aliyemlaumu tena, meza inarudi kwao, na yeye anapata hela yake na sifa juu. Alitakiwa kufurahi. Alisikia tu uchovu, na hamu ya kulia iliyomjia upya, kwa sababu wakiiondoa, wanamwachia sakafu mpaka atakapozeeka.

"Subirini niifute," alisema. "Ina vumbi."

Alipotoka na kitambaa chenye maji, geti lilifunguliwa, akaingia Mama Josephine. Alikuwa amekuja kukagua, kama alivyoahidi, kama kweli shuka linakatwa sakafuni. Alimwona mzee, akauona mkokoteni, akaelewa bila kuambiwa.

"Vizuri," alisema. "Irudi ilikotoka."

Mzee Eliakimu aliinua ile nailoni iliyochanika. Uso wa meza ulikuwa mwekundu kwa vumbi. Alimwambia Bupe asijisumbue, akatoa leso yake mwenyewe, akaufuta kwa mkupuo mmoja mrefu, kutoka kichwani hadi miguuni. Vumbi la juu likaondoka. Lakini lililokuwa limeingia ndani ya mbao lilibaki, na lilibaki likiwa na umbo.

Mzee aliinama. "Hiki nini?"

Wote walisogea. Mbao ilikuwa imejaa mistari myembamba iliyobonyea, na vumbi jekundu limeijaza yote, ikasomeka. Yalikuwa maua. Waridi juu ya waridi, vikonyo, majani, na katikati ya maua, majina ya watu. Aneth na Henry. Elieth na William. Na jipya kuliko yote, upande wa kichwa, Josephine na Frank.

Bupe mwenyewe alipigwa na butwaa. Kalamu yake, aliyokuwa akiikandamiza ili kaboni itoe vizuri, ilikuwa ikipita kwenye kitambaa na kuandika mpaka chini, shuka baada ya shuka, naye hakuwahi kuona kwa kuwa meza ilikuwa haikai wazi.

"Nilidhani mninga ni mgumu," Tumsifu alinong'ona.

"Mninga gani?" alisema Mzee Eliakimu. "Hii ni paini. Niliinunua mimi." Akaikung'uta leso yake, akawageukia wale wanaume. "Haya, shikeni. Haitaonekana, tutatandika kitambaa cheupe juu."

"Usiguse!"

Aliyepiga kelele alikuwa Mama Josephine. Wale wanaume watatu waliiachia meza kama chuma cha moto. Mama alikuwa amesogea mpaka kwenye ukingo, macho yako kwenye lile jina.

"Mzee Eliakimu, unataka kesho uweke maiti juu ya jina la mwanangu?"

"Tutatandika kitambaa, mama."

"Hata ukitandika mazulia! Jina lake litakuwa chini ya jeneza. Kila mwezi, kila wiki, atakayekufa atalala juu ya Josephine na mumewe. Wewe ungekubali, la binti yako?"

Mzee alivua kofia, akajikuna. "Lakini si wewe uliyesema meza hii ni ya wafu, haifai kushonea?"

"Nilisema."

"Na sasa unasema haifai kuwekea wafu."

"Nasema hivyo pia!"

"Sasa mama yangu, inafaa nini?"

Majirani walikuwa wamejaa ukutani, Mwantum mbele yao na mtoto wa mtu mgongoni. Mzee alimgeukia Bupe, kwa sababu alikuwa mtu wa haki na alikumbuka mwenye mali.

"Meza ni yako, binti yangu. Sema wewe."

Bupe aliangalia mumewe. Tumsifu alikuwa anamtazama kwa macho ya kusihi, na nyuma yake makochi. Akamwangalia mama aliyemtangaza mtaa mzima. Akaangalia ile mbao, akaona mikono yake mwenyewe pale, miezi yote ya kusimama wima na kuimba.

"Mzee, nisamehe," alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyopanga. "Siitoi. Nimechoka kupiga magoti. Kama kuna mtu anaogopa kuja kwangu asije, sitamkasirikia. Lakini niliinunua kwa jasho langu, na ninyi wenyewe mnaona ina kazi gani. Siitoi."

Mzee Eliakimu alirudisha kofia kichwani, akamalizia chai yake, maana ilikuwa na tangawizi.

"Wekeni mabenchi mawili," Mama Josephine alimwambia, bila kumtazama. "Mapana yale ya mbele. Kabla ya hii meza tulikuwa tunafanya hivyo, na hakuna marehemu aliyelalamika."

Walipoondoka na mkokoteni mtupu, Tumsifu alibaki amesimama uani, akimwangalia mkewe kama mtu anayekadiria mzigo. Kisha akakunja mikono ya shati.

"Shika upande huo," alisema. "Polepole, mgongo wako."

"Na makochi?"

"Makochi yamezoea nje." Hakutabasamu, lakini alishika upande mzito.

Waliiingiza. Mama Josephine aliwafuata ndani, bila kukaribishwa, akaketi kwenye dawati la shule na mkoba wake mapajani. Hakuomba radhi. Watu wa umri wake na cheo chake huwa hawaombi radhi, hukaa tu wasiondoke, na anayekaa naye inabidi aelewe. Bupe alielewa. Tumsifu alitoka nje akawaacha.

"Lile shuka la kwanza liko wapi?"

Bupe alilitoa kabatini. Mama alilipokea, akaliangalia jina, akalirudisha mezani mwenyewe kwa mikono yake, akalilaza pale pale lilipokuwa. Akalinyoosha. Kiganja chake kilikawia kwenye ule upande wa kichwa.

"Siku ile walituharakisha," alisema. "Watu walikuwa wengi, jua linazama, wasimamizi wanasema pita mama, pita mama. Nilimwona marehemu wangu kwa muda wa kupita tu." Akaondoa kiganja. "Malizia hili. Hilo la sakafuni lifanye mapazia, au chochote. Baba yake hatakuwepo ukumbini. Basi hili litoke hapa kwake."

"Ndiyo, mama." Bupe alifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Na mimi unikatie moja. La futi tatu na nusu."

"Tatu na nusu? La mtoto?"

"La kwangu. Kitanda kikubwa nampa Josephine, Frank amekwisha kupata gari la kukibeba. Mimi nitafanyia nini kitanda chote kile? Nalala upande mmoja, nakesha nautazama upande wa pili."

Bupe alishusha jora, akapima, akakata akiwa amesimama, mkasi ukienda moja kwa moja bila kusita. Akakilaza kitambaa mahali palipokuwa bado hapajaandikwa kitu, akachukua karatasi ya kaboni.

"Niandike nini, mama? Mama Josephine?"

Mama aliangalia dirishani kwa muda, uani ambako majirani walikuwa wakitawanyika kurudi kwenye ndoo zao.

"Josephine anaondoka, Mama Ruthu," alisema. "Andika Sidonia."

Katika miaka yote ya kuamkiana na mama huyu, Bupe alikuwa hajawahi kulisikia jina lake hilo. Alilitamka kwanza mara moja kwa sauti ya chini, ili asije akalikosea. Kisha akashika kalamu, akaandika herufi moja moja, akikandamiza kwa nguvu zake zote.